Mwongozo kamili: jinsi ya kuwalinda watoto kanisani bila kumfungia mtu mlango wa ibada

Haya maswali mawili yanarudi kila mara. La kwanza, "tuliandika kanuni za kulinda watoto, tukazisoma mbele ya ushirika wote, lakini sasa hivi hakuna anayezifuata, shida iko wapi?" La pili, "tukianza kukagua watu si wageni watajiona hawatakiwi?"

Mimi naona ni swali moja. Kanuni nyingi zinaandikwa kichwani kukiwa na picha ya mtu fulani wa ajabu atakayetokea nje siku moja, kwa hiyo mgeni anaangaliwa sana, wakati mwalimu aliyezoeleka, mjomba wa fulani, kiongozi wa kwaya, hao wote wanapita tu. Na ukweli ni kwamba watoto wengi wanaodhulumiwa wanadhulumiwa na mtu wanayemjua na familia inamjua na kumwamini. Kwa hiyo mgeni kaudhika na mtoto bado hajalindwa.

Shikeni hili moja halafu mengine yote yatakaa sawa: ibada ni ya kila mtu, lakini kukaa na watoto wa wenzako ni kazi, inaombwa, na kila mtu anaiomba kwa njia moja, awe mgeni wa jana au mke wa mchungaji.

Vitu vya kuandaa kabla hamjaanza

- Watu watatu wa kusimamia, wanaume na wanawake, wasiwe wa familia moja, na angalau mmoja asiwe ndugu wala mwajiriwa wa mchungaji au padri
- Daftari la mahudhurio ya watoto na la walimu waliokuwepo
- Kadi au stika zenye namba pacha, moja ya mtoto, moja ya mzazi
- Fomu ya kuomba kuhudumia watoto, yenye sehemu ya wadhamini wawili
- Daftari la matukio lenye kurasa zilizopigwa namba, likae kabatini kwenye kufuli
- Namba za polisi, ustawi wa jamii, hospitali na simu ya msaada kwa watoto kama ipo kwenu. Zipigeni kwanza mhakikishe zinapokelewa, maana kuna ofisi namba ilishabadilika zamani
- Karatasi na kalamu ya kuchora ramani ya jengo

Kama hao watatu hamjawapata msianze. Kazi hii ikibebwa na mtu mmoja inakufa siku anayosafiri.

Hatua ya 1: Zungukeni jengo watu wakiwemo

Msifanye hii siku ya katikati ya wiki jengo likiwa tupu, fanyeni ibada ikiendelea, maana ndo mtaona watoto wanajificha wapi, nani anakaa stoo ya vyombo, mlango gani wa nyuma uko wazi na hakuna anayeuangalia. Choreni ramani kwa mkono, wekeni alama kila sehemu ambayo mtu mzima na mtoto wanaweza kuwa wawili peke yao bila kuonekana. Kwa kawaida ni stoo, nyuma ya jukwaa, vyoo, ofisi ya mchungaji, ngazi, na magari yaliyopaki nje.

Halafu mnaondoa alama moja moja. Chumba kisichotumika kinafungwa, mlango wa darasa unawekewa kioo au unaachwa wazi muda wote, komeo la ndani linatolewa. Ofisi ya maombezi inahitaji kioo pia, na mtoto akihitaji kuongea na kiongozi wakae sehemu wanayoonekana, hata kama sauti haisikiki.

Mtajua mmefaulu kama mtu yeyote anayepita nje anaona ndani ya kila chumba chenye watoto bila kubisha hodi.

Hatua ya 2: Watu wazima wawili, kila mara

Kanuni yenyewe ni fupi: mtu mzima hakai peke yake na mtoto wala na kundi la watoto. Wawe wawili, wasiwe mke na mume wala ndugu wa karibu, maana ndugu anaweza kumficha ndugu. Hii inamlinda mtoto na inamlinda mwalimu pia, kukitokea neno lolote kuna shahidi.

Kanuni zinafia hapa hapa kwa hiyo someni polepole. Ibada imeanza, watoto wamejaa mlangoni wanasukumana, mwalimu mmoja amefika na mwenzake amepiga simu kwamba amekwama njiani. Anamwangalia mzee wa kanisa, mzee anajibu "we anza tu, leo tu, tunakuamini." Ile "leo tu" inarudi wiki inayofuata na nyingine, na baada ya muda kanuni iko ukutani peke yake. Yule mzee hakuwa na nia mbaya, hakuwa na kitu kingine cha kufanya tu, kwa hiyo mpeni cha kufanya mapema, kwa mpangilio huu:

1. Mnapiga simu kwa wa akiba. Kila wiki wawepo wawili wa akiba waliokaguliwa tayari, majina yao yako kwenye ratiba.
2. Wakikosekana, madarasa mawili yanaunganishwa yawe moja.
3. Ikishindikana hata hiyo, watoto wanarudi ibadani wanakaa na wazazi wao na darasa siku hiyo halipo.

Ya tatu inawaogopesha viongozi, wanasema watoto watapiga kelele. Ndiyo watapiga, na mhubiri ataongeza sauti. Ifanyeni mara moja kweli kweli muone jinsi wazazi wanavyojitokeza kuomba kusaidia darasa.

Tahadhari: kijana wa miaka 16 anayesaidia darasani hahesabiki kama mtu mzima. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unamhesabu mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo kijana huyo naye ni wa kulindwa, asiachwe peke yake na mwalimu wala asiachiwe wadogo.

Mafanikio hapa yanaonekana siku mwalimu amefika peke yake, anasimama nje ya darasa anasubiri, na hakuna anayemwambia anachelewesha.

Hatua ya 3: Choo

Kichwa cha habari kifupi lakini maswali yake hayaishi, na wengi wanaona aibu kuyauliza.

Waombeni wazazi wawapeleke watoto chooni kabla ya darasa, hiyo peke yake inapunguza nusu ya shida. Wakati wa darasa watoto waende kikundi, mtu mzima anatangulia kuangalia kama choo kiko kitupu, kisha anasimama mlango wa nje ambako wengine wanamuona, haingii na mtoto. Mdogo akihitaji kusaidiwa kifungo au zipu, mlango unabaki wazi na mwalimu anamwambia mwenzake kwa sauti "namsaidia fulani suruali." Nepi anabadilisha mzazi, aitwe hata kama mahubiri yanaendelea. Mtoto mwenye ulemavu anayehitaji msaada zaidi, kaeni na mzazi wake muandike msaada gani, nani anautoa na nani anakuwa karibu, msibahatishe siku yenyewe, kwa sababu watoto wenye ulemavu wako kwenye hatari kubwa zaidi kuliko wenzao na wengine hawawezi kueleza kilichotokea.

Hatua ya 4: Kupokea na kurudisha

Mtoto akifika anaandikwa jina, namba ya simu ya mzazi, mzio wa chakula au dawa kama anao, na majina ya wanaoruhusiwa kumchukua. Anapewa namba, mzazi anapewa pacha yake. Wakati wa kurudi hakuna pacha hakuna mtoto.

Mtu atasema "lakini mimi ni bibi yake kila mtu ananijua." Jibu ni lile lile kwa heshima, "ni kweli bibi, tunampigia mama yake sasa hivi tuhakikishe." Kuna familia zina kesi za malezi mahakamani na hazijamwambia mtu yeyote, mwalimu hawezi kujua nani amekatazwa kumchukua mtoto. Kadi ikipotea mzazi anapigiwa kwenye ile namba iliyoandikwa daftarini, sio namba anayoitaja aliyesimama hapo mlangoni.

Mtajua imekaa sawa siku mzee wa kanisa amekuja bila kadi kumchukua mjukuu, akageuka kuifuata, na hakuna aliyenuna.

Hatua ya 5: Kuchagua wa kuhudumia watoto

Anayetaka kuhudumia watoto awe ameshashiriki nanyi kwa muda, makanisa mengi yanaweka miezi 6, na hakuna kuruka foleni hata kama kanisa alilotoka lilimsifia. Anajaza fomu, anahojiwa na watu wawili, analeta cheti cha polisi cha tabia njema kama nchini kwenu kinapatikana.

Tahadhari kubwa: cheti kinaonyesha tu waliowahi kufikishwa mbele ya sheria. Wengi wanaodhuru watoto hawajawahi kushtakiwa, kwa hiyo cheti safi sio tiketi. Kazi kubwa iko kwa wadhamini, na wapigieni, msitosheke na barua. Ulizeni alikuwa anafanya nini na watoto huko, aliachaje, kuna malalamiko yoyote yaliwahi kutokea, na mwisho, "ungemrudisha kufundisha watoto kwenu?" Mdhamini anayezunguka kwenye hilo swali la mwisho amewaambia kitu, fuatilieni kabla hamjamkubali mtu.

Walimu waliopo tangu zamani nao wanajaza fomu. Wote, wiki moja, na mchungaji anajaza ya kwanza mbele za watu. Hii ndo inamwondolea mgeni aibu, maana akiletewa karatasi anajua hata aliyemletea alishaijaza.

Hatua ya 6: Fundisheni watu kuangalia tabia, waache kuangalia sura

Hapa makanisa yanaumiza watu bila sababu. Mtu ana nguo chafu, anaongea peke yake, hana makazi, ametoka jela kwa wizi, ana ugonjwa wa akili, au ni mgeni tu asiye na mke, basi macho yote kwake. Hakuna hata kimoja hapo kinachoonyesha kwamba anadhuru watoto. Mkaribisheni, mpeni kiti, kanuni za watoto tayari zinamhusu kama zinavyowahusu wote.

Mnachotakiwa kukiangalia ni mtu mzima anayemzoesha mtoto polepole. Anampa zawadi kwa siri. Anamchagua mmoja na kumtenga na wenzake. Anamtumia meseji usiku. Anajitolea kumpeleka nyumbani kila mara, hasa mtoto wa mama anayelea peke yake na aliyechoka, na huyo mama anashukuru kabisa. Anaanza kuvunja kanuni ndogo ndogo aone kama kuna atakayesema, anamkalisha mapajani, anafunga mlango kidogo, akiulizwa anacheka. Na mara nyingi anapendwa na watu wazima, anajituma, anafika wa kwanza.

Mkiona moja ya hizi msimwite mtu jina baya wala msianze kunong'ona. Isemeeni tabia hapo hapo kwa sauti ya kawaida, "kaka, njooni mkae huku mbele na wengine." Mtu mwema atasema samahani na kusogea. Anayekasirika au anayerudia, andikeni kwenye daftari la matukio tarehe, saa, mlichokiona, bila maoni, na wale watatu wanakutana wiki hiyo hiyo. Hapo nazungumzia kanuni iliyovunjwa. Mkiwa na sababu ya kuhisi mtoto ameshadhuriwa msisubiri kikao, nendeni hatua ya 8.

Simu nazo zina kanuni. Mwalimu haongei na mtoto pembeni kwenye WhatsApp, anaandika kwenye grupu ambalo wazazi wamo na mwalimu wa pili yumo. Meseji zinazojifuta zenyewe hazitumiki. Picha za watoto hazipandishwi mtandaoni bila mzazi kukubali kwa maandishi, na hata akikubali msiweke jina la mtoto chini ya picha. Lifti inafuata kanuni ya wawili kama darasani.

Hatua ya 7: Mtu mwenye kesi ya kudhuru watoto anapotaka kusali kwenu

Hii ndo inayopasua makanisa. Kuna wanaosema afukuzwe na wanaosema Mungu amesamehe tusahau, na wote wawili wanaacha watoto bila ulinzi, kwa sababu aliyefukuzwa anaenda kanisa lingine ambako hakuna anayemjua, na aliyesahauliwa anakaa jirani na watoto.

Fanyeni hivi.

Msiamue mlangoni. Akifika siku hiyo, viongozi wawili wanakaa naye pembeni kwa upole, wanamwambia tutaongea wiki hii na leo tutakaa pamoja nawe mpaka ibada iishe. Baadaye ulizeni polisi au ofisa anayemsimamia kama masharti ya mahakama yanamruhusu kuwa sehemu yenye watoto. Kama hayamruhusu basi hakuna mjadala.

Jueni kama yule aliyedhuriwa na mtu huyo yuko kwenye ushirika wenu, yeye au familia yake. Kama yupo, aliyeumizwa anabaki na yule mwingine anatafutiwa sehemu nyingine ya kusali. Msimwombe aliyeumizwa "avumilie", na msimpelekee ombi la msamaha ambalo hakuliomba.

Kama anaweza kuja, andikeni makubaliano na yeye asaini. Yataje ibada ipi anahudhuria, anakaa wapi, wasindikizaji wake wawili ni nani (wawe watu wazima wasiomwogopa na wasiodanganyika kirahisi), anatumia choo kipi, kwamba hazungumzi na mtoto, hampi zawadi, haingii eneo la watoto, hatembelei nyumba zenye watoto, na hatapewa huduma yoyote ya watoto maisha yake yote. Yapitiwe kila miezi 3. Akivunja moja, mahudhurio yanasimama siku hiyo, na kama masharti ya mahakama yamevunjwa ofisa wake anaambiwa.

Nani ajue? Wasindikizaji, wahudumu wa mlangoni, walimu wa watoto, hao lazima. Kuwatangazia watu wote inategemea sheria za mahali mlipo, ombeni ushauri kwanza kwa polisi au ustawi wa jamii.

Kama hata hivyo haiwezekani, kuna njia nyingine za kumchunga mtu. Watu wazima wawili wanamtembelea nyumbani kusali naye, anahudhuria kikundi cha asubuhi kisicho na watoto, anafuatilia ibada kwa simu. Huko pia ni kukaribishwa kwa kweli.

Anayetuhumiwa na uchunguzi bado unaendelea anasimama huduma yote ya watoto mpaka uchunguzi uishe, bila kutangazwa kuwa ana hatia, na kama anahudhuria ibada awe na wasindikizaji na masharti hayo hayo.

Tahadhari: msimpandishe aliyewahi kudhuru watoto madhabahuni kutoa ushuhuda wa jinsi alivyobadilika. Watu watalia, watamwamini, na kesho yake kuna mzazi atamwachia mtoto. Toba yake inaweza kuwa ya kweli kabisa na masharti yakabaki pale pale, na aliyetubu kweli kwa kawaida ndiye wa kwanza kuyakubali.

Hatua ya 8: Mtoto akisema

Tume ya Australia iliyochunguza dhuluma za watoto kwenye taasisi, yakiwemo makanisa, kuanzia 2013 hadi 2017, ilikuta kwamba walioongea nayo faragha walikaa kwa wastani karibu miaka 24 kabla ya kumwambia mtu. Kwa hiyo mtoto akifungua mdomo leo msimharibie.

Msikilize. Usishtuke usoni, usimuulize maswali ya kumuongoza kama "alikushika hapa?", sema tu "niambie zaidi kama unataka." Mwambie amefanya vizuri kusema na sio kosa lake. Usimwahidi siri, mwambie utawaambia watu wa kumsaidia. Ukitoka hapo andika maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni ya kitoto au ya aibu, weka tarehe na saa.

Siku hiyo hiyo piga simu polisi au ustawi wa jamii. Usisubiri kikao cha wazee, usimpigie mtuhumiwa "kumsikiliza naye", usikutanishe familia mbili mpatane. Kanisa halichunguzi, linaripoti. Mzazi anaambiwa haraka, isipokuwa yeye ndiye anayetajwa au anaweza kumlinda anayetajwa, hapo waulizeni polisi kwanza.

Kama ni ubakaji wa karibuni mtoto afike hospitali mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Asiogeshwe kwanza, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi badala ya plastiki.

Kanisa likae na mtoto na familia yake baada ya hapo, wengi wanabaki peke yao pale mtuhumiwa akiwa maarufu, watu wanajaa nyumbani kwake na nyumba ya mtoto haina mgeni. Pangeni ratiba ya kuwatembelea.

Hatua ya 9: Kuhakikisha haifi

Kila mwezi wale watatu wanafungua madaftari yote wanaangalia: kuna darasa lilikuwa na mwalimu mmoja? Kuna mtoto alitoka bila kadi? Mara moja kwa mwaka mafunzo kwa wote, na watoto nao wafundishwe kwa lugha yao kwamba mwili ni wao na siri ya kuwaumiza sio ya kutunza.

Na wahudumu wa mlangoni wawe na maneno ya kusema, maana familia mpya inakutana nao kwanza. Haya yanatosha: "Karibuni sana, tumefurahi kuwaona. Watoto wanaweza kukaa nanyi ibadani, hakuna shida wakipiga kelele. Wakitaka darasani njooni tuwaandike, mtapewa kadi yenye namba, na bila kadi hatumtoi mtoto hata kwa shangazi yake. Hapa tunafanya hivyo kwa wote."